Tulipovaa Jile: Kazi Mpya, Kuvunjika Moyo, na Ukweli wa Nyumbani

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, Baraka. Yanachapishwa kwa ombi la komite.



Komite ilituomba, sisi tunaofanya kazi kwenye ONG, tuseme neno juu ya vijana wetu wanaopata kazi, halafu baada ya miezi miwili au mitatu wanarudi nyumbani wamenyong'onyea, hawataki hata kusalimia watu. Mzee mmoja alituuliza hivi: "Zamani tulikuwa tunalia juu ya watoto wasio na kazi. Sasa hata wenye kazi wanalia. Kuna nini?"

Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwa kusimulia ya kwetu, kwa sababu ya wengine hatuyajui vizuri. Tulikuwa watu wanne, tumeajiriwa siku moja na shirika moja. Jina la shirika hatutalitaja, maana hatukuja hapa kulishitaki. Wote wanne ni watoto wa Lugufu na Nyarugusu. Wote tulivuka ziwa kurudi. Wote tulikuwa na dipulomu ya chuo kikuu imefungwa ndani ya plastiki isiloe. Tunasema "sisi" kwa kuwa mambo haya yalitupata wote, hata kama si kwa kipimo kimoja.

Ndoto ilianzia kambini

Wengi wenu munakumbuka. Tangu mwaka wa 1996 watu wetu walivuka Tanganyika kwa mitumbwi na maboti, watoto mgongoni, sufuria kichwani. Wakafika Kigoma, wakapandishwa malori, wakapelekwa kambini. Huko mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Chakula kilikuja kwa kadi: unga, maharagwe au mbaazi, mafuta, chumvi. Baba zetu waliokuwa walimu huku Fizi, kule walifundisha kwa "motisha", yaani feza kidogo ambayo haikuitwa mshahara.

Na sisi watoto tuliona nini? Tuliona gari nyeupe. Tuliona mtu anashuka, amevaa jile yenye mifuko mingi na alama ya shirika mgongoni, radio kiunoni, karatasi mkononi. Akifika, watu wananyamaza. Akiandika jina lako, unakula. Asipoliandika, utalala hivyo. Kwa macho ya mtoto, huyo njo alikuwa mtu mkubwa kuliko wote. Hakuna aliyetuonyesha kontra yake. Hakuna aliyetuambia kwamba labda na yeye ana deni dukani.

Tangu 2005 meli zilianza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka wa 2009. Tulirudi tukakuta viwanja vina majani kupita kichwa cha mtu, na mashamba mengine yana watu ndani. Tukasoma kwa shida. Mama aliuza mawese na ndagala. Mjomba aliuza mbuzi. Dada aliacha shule ili kaka yake aende Uvira, halafu Bukavu. Kwa hiyo siku tulipopigiwa simu kwamba tumepita tesiti, haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ilikuwa mavuno ya ukoo mzima. Mama mmoja alipiga vigelegele katika parseli, akaita majirani: "Mutoto yetu ameingia ONG! Sasa siye tumepona!"

Tunaomba mushike neno hilo, "tumepona". Tutalirudia.

Mambo manne yaliyotuvunja moyo

La kwanza ni feza. Kontra yetu ilikuwa ya miezi 3. Mshahara ulikuwa dola 280. Kwa mtu asiyekuwa na kitu, ni feza nyingi, hatukatai. Lakini mshahara wa kwanza ulifika katika wiki ya 7. Kufika hapo tulikuwa tumekula kwa deni kwa mama muuza bukari, tumekopa feza ya viatu vya mvua, tumekopa feza ya simu kwa sababu kazi ilitaka simu yenye kupiga picha. Tulipolipa madeni, kodi ya nyumba na petroli ya pikipiki ambayo shirika lilisema litarudisha "mwezi ujao", kila mmoja alibaki na kama dola 60. Na nyumbani watu 11 walikuwa wanangoja.

La pili ni karatasi. Chuoni tulifundishwa kukaa na wakulima, kuwasikiliza, kupanga nao. Kazini tulikuta fishi: fishi ya mahudhurio, fishi ya tathmini, fishi ya usambazaji, na kidole gumba kwenye wino. Katika siku 6 za kazi, siku 2 tulikuwa kijijini, siku 4 tulikuwa tunajaza tableti na kutafuta mahali penye rezo ili ziende. Shefu wetu hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa anaulizwa hesabu kutoka juu.

La tatu tulilionea haya kuliko yote. Tulitumwa kugawa vipando vya mihogo, vya aina inayovumilia ugonjwa wa majani. Kila mkulima wa Fizi anajua: unapanda mvua zikianza, mwezi wa 9 au wa 10, na kama umechelewa unangojea mwezi wa 2. Vipando vyetu vilifika mwezi wa 6. Mvua ilikuwa imeshakwenda, udongo umekuwa mgumu kama tofali. Tulipouliza, tuliambiwa bajeti inafungwa mwisho wa mwezi, vigawanywe hivyo hivyo. Tukavigawa. Mama mmoja alishika fungu lake, akaliangalia, akatuangalia sisi na majile yetu, akasema kwa upole: "Wanangu, mumetuletea kuni?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka. Tulijua kwamba katika rapoti mama huyo atahesabiwa kuwa amesaidiwa.

La nne ni watu wetu wenyewe. Tulidhani, kwa sababu na sisi ni warudishwaji, watatupokea kama watoto wao. Kumbe jile ilikuwa imetugeuza. Tukipita, mazungumzo yanakatika. Asiyeonekana kwenye orodha anatusimamisha sokoni: "Wewe njo ulikula jina langu." Rafiki wa kambini, tuliyelala naye ndani ya hema moja, alianza kutuita "patron". Alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka.

Basi hayo ni manne. Yanauma. Lakini tukiangalia nyuma, si hayo yaliyotuangusha. Mkulima anavunjika moyo kila msimu na bado anarudi shambani. Kilichotuangusha ni jambo la tano, na hilo halikuletwa na shirika. Tulilileta sisi wenyewe.

"Inaenda vizuri kabisa"

Kila tulipokuja Baraka siku za mapumziko tuliulizwa: "Kazi inaendaje?" Na sisi tulijibu: "Inaenda vizuri kabisa."

Tungesema nini? Mama alikuwa amesema "tumepona". Ungemwambia mtu aliyepona kwamba dawa ilikuwa maji? Kwa hiyo tulinunua soda kwa parseli nzima. Kwenye matanga, walipopitisha daftari, tuliandika dola 30 ambazo hatukuwa nazo. Mmoja wetu aliahidi kulipia watoto watatu wa ndugu yake masomo ya sekondari. Mwingine aliambiwa nyumba ya mama inavuja, akasema, "Mwezi ujao tunaweka mabati." Alisema hivyo akiwa hajala tangu asubuhi.

La kushangaza zaidi ni hili: tulikuwa tunalala wanne katika nyumba moja, na hata kati yetu hatukuambiana. Kila mmoja alifikiri wenzake wanaweza, ila yeye peke yake ndiye ameshindwa. Usiku mtu alitoka nje kupiga simu kwa anayemdai, akarudi, akasema alikuwa anaongea na mchumba.

Katika wiki ya 9 mmoja wetu alitoweka. Tuliamka asubuhi tukakuta godoro lake limekunjwa na jile imewekwa juu. Baadaye tulisikia ameenda Misisi kwenye dhahabu. Hakuaga, hakuandika barua ya kuacha kazi, na kwa sababu hiyo siku zake za mwisho hazikulipwa.

Wa pili ndiye hadithi yake inauma. Kontra zetu ziliongezwa miezi mingine 3, na yeye alikuwa ameingia kwenye banki Lambert. Munaifahamu. Haina mlango wala kibao. Unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Usipoweza, ile 150 inakuwa deni jipya na inaanza kuzaa tena. Alichukua 100 kwa ajili ya mabati ya mama. Akachukua nyingine kulipa ya kwanza. Katika mwezi wa 4 wa kazi tulitumwa kuandikisha nyumba zitakazopata msaada, na yule mwenye feza akamfuata: "Feza yangu hauna, sawa. Lakini kalamu unayo."

Aliandika jina la mke wa yule mwenye feza. Akaandika na la shemeji yake. Nafasi mtaani humo zilikuwa zimehesabiwa, na ili hao wawili waingie, wajane wawili walitoka.

Timu ya kuhakikisha ilipokuja, shefu wa avenyu alisema waziwazi kwamba watu hao hawakai kwake. Siku hiyo hiyo kontra ikakatwa. Ndugu yetu alivuliwa jile mbele ya watu, chini ya mwembe ule ule alipokuwa anaandikia majina.

Wapendwa, hatumtetei. Wajane wawili walipoteza msimu mmoja. Majina yao yalirudishwa kwenye orodha iliyofuata, lakini msimu haurudishwi. Tunachotaka muone ni mlango alioingilia. Huyo mtu hakuanza na wizi. Alianza kwa kusema "inaenda vizuri kabisa". Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tuliona kilio hicho kwa macho yetu.

Jioni ya mkeka

Tulibaki wawili. Jioni ya siku ile tulitandika mkeka, tukaweka juu yake kila karatasi tuliyokuwa nayo: kontra, vipande vya mshahara, daftari la deni la mama muuza bukari, majina ya watu tuliowaahidi. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshana. Kumbe madeni yetu yalikaribiana. Kumbe wote wawili tulikuwa tunakula mara moja kwa siku na kila mmoja alikuwa anamdanganya mwenzake kwamba amekula njiani.

Tulikubaliana jambo moja: Jumapili kila mmoja ataenda nyumbani kwao na kusema kiasi cha mshahara wake. Si "kidogo", si "siyo nyingi sana". Kiasi chenyewe.

Hatutawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Katika nyumba moja mjomba alisimama, akasema tumefundishwa uchoyo chuoni, na hakutusemesha zaidi ya mwezi. Katika nyumba nyingine mama alinyamaza muda mrefu, akitengeneza sombe yake. Halafu akasema: "Mbona hukusema? Kambini tulikuwa tunagawana kikombe kimoja cha unga watu saba. Unafikiri tumesahau kugawana?"

Hapo tulielewa kosa letu. Tulifikiri tunamlinda mama. Kumbe tulikuwa tumemfanya mtu wa kungojea gari nyeupe tena. Tulimnyima kile anachokijua kuliko sisi wote, yaani kupanga kidogo kilichopo. Wiki ile ile alituma mihogo na ndagala kwenye nyumba yetu ya kupanga. Ni yeye aliyeanza kutulisha, na sisi tukaanza kulipa deni.

Si ONG peke yake

Tusifikiri ni sisi wa majile tu. Kati yetu humu kuna walimu wanaoitwa N.U., wale wapya ambao wanafundisha lakini Serikali bado haijawaingiza kwenye orodha ya kulipwa. Tangu shule za msingi za umma ziwe za bure, Septemba 2019, wazazi hawatoi tena ile "prime" iliyokuwa inawashika. Kwa hiyo mwalimu anaingia darasani na chaki mkononi, mwezi unaisha, na hakuna upande unaomlipa. Jirani anamwona amevaa shati safi, anamwita "Mwalimu", anafikiri ana mshahara. Na yeye anaona haya kusema. Kuna wauguzi wa namna hiyo pia.

Hapa tutenganishe mambo mawili, maana dawa yake si moja. Kuna kuvunjika moyo kunakotoka kwenye ndoto yetu: tulitazamia kiti, tukakuta pikipiki na matope. Hiyo inapona kwa muda, kwa ukweli, na kwa kujifunza kazi. Na kuna kuvunjika moyo kunakotoka kwenye haki inayokanyagwa: kufanya kazi bila kulipwa, kusaini feza usiyopokea, kuombwa kitu kibaya ili kontra iongezwe, hasa kwa dada zetu. Hiyo haiponi kwa uvumilivu. Mtu asiambiwe "vumilia, ni mwanzo" wakati anaibiwa au anaonewa.

Mambo tunayoshauri

Tangu wakati ule, sisi na wenzetu wengine tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada. Tunawaletea tuliyoyajaribu. Ni matano.

Kwanza, usisaini peke yako. Leta kontra kwa mwanachama aliyekwisha kufanya kazi, muisome pamoja. Uliza: inaanza lini, inaisha lini, mshahara unalipwa tarehe gani, nani analipa petroli na simu, je, utaandikishwa kwenye CNSS? Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema muda wa kujaribiwa hauwezi kupita miezi 6, na kwa kibarua asiye na ufundi hauwezi kupita mwezi 1. Ukiona wanakujaribu mwaka mzima, si majaribio tena. Bakia na kopi yako. Na ukidhulumiwa, kuna Inspeksio ya Kazi. Usiende peke yako, tutakusindikiza.

Pili, ukipokea mshahara wa kwanza, kabla ya kuahidi mtu yeyote, kaa na watu wa nyumbani. Sema kiasi. Andikeni pamoja kwenye karatasi: hii ya deni, hii ya kula na kodi, hii ya nyumbani, hii ya akiba. Wakati wa matanga au harusi utakuwa na neno la kusema: "Nyumbani tumepanga hivi." Na ninyi wazazi, tunawaomba kwa heshima: kijana akisema kiasi chake, musimcheke, na musimlinganishe na mtoto wa jirani. Huyo mtoto wa jirani labda bado hajasema.

Tatu, kuwa na daftari. Kila Ijumaa andika jambo moja lililofaa na jambo moja lililouma, pamoja na tarehe. Sisi tuliandika ile ya vipando: tarehe ya kuagiza, tarehe ya kufika, siku ambazo mvua haikunyesha. Kwenye mkutano wa kufunga projé hatukulalamika, tulisoma tarehe. Shefu alizichukua, wakulima pia walisema ya kwao. Projé iliyofuata iliandika vipando vifike mwezi wa 9. Vilifika mwezi wa 10, na vilishika. Hatusemi ni sisi tulioleta badiliko hilo. Tunasema tarehe zilisikilizwa mahali ambapo hasira isingesikilizwa.

Nne, usiache kazi usiku, na usibaki kazini kwa haya. Jipe miezi 3, ukiwa na daftari lako. Halafu lisome na mtu mwingine. Kama kazi ni ngumu lakini unajifunza na unalipwa, kaa. Kama unalazimishwa kusaini uongo, ondoka, lakini kwa barua, kwa mchana, ukidai siku zako. Yule ndugu aliyekwenda Misisi amerudi. Alituambia, "Ningeaga, ningekuwa na feza ya kurudia."

Tano, uwe ndani ya sanduku kabla ya shida. Mashirika madogo yetu ya akiba, AVEC, munayajua: sanduku moja, funguo tatu kwa watu watatu, kila wiki mtu ananunua sehemu anazoweza, na pembeni kuna mfuko wa kusaidiana. Tunaiomba komite jambo moja wazi. Mwanachama aliyeanza kazi na hajafikia mshahara wa kwanza apate mkopo mdogo wa wiki 8, wa chakula na kodi tu, wenye faida ile ile ya sanduku. Wiki hizo 7 au 8 za kwanza njo mahali banki Lambert inapotungojea. Tukiziba hapo, tumeziba tundu kubwa.

Neno kwa wafadhili

Ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru. Mabomba, madarasa, mbegu, vitu hivyo viko, watu wanavitumia. Lakini kwa kuwa tumesema ukweli nyumbani, tuseme na kwenu.

Mvua haifuati mwaka wa bajeti. Mbegu inayofika mwezi wa 6 ni kuni, hata kama risiti zote ni sawa. Mukipokea rapoti yenye picha nzuri, ulizeni tarehe. Tena, kijana mwenye kontra ya miezi 3 anatumia mwezi wa kwanza kujifunza njia na mwezi wa tatu kutafuta kazi nyingine. Katikati mumebaki na mwezi mmoja wa kazi. Na mshahara ukichelewa, mtu mnayemkabidhi orodha za wajane anakuwa na mdai mlangoni. Kulipa kwa wakati ni njia moja ya kulinda msaada wenu. Mara moja kwa mwaka, kaeni na sisi wa chini bila shefu kuwepo. Tutasema kwa adabu, lakini tutasema.

Kumalizia

Tulisema tutarudia lile neno "tumepona". Kazi haiponyeshi ukoo. Kazi inaleta kidogo, na ukoo unaopanga kidogo hicho pamoja unasogea. Hatukurudi kutoka kambini ili tupate mtu mwingine wa kutuandika majina. Tulirudi ili tupange wenyewe. Kupanga hakuwezekani kama mwenye mshahara anaficha kiasi na wenye nyumba wanaota kiasi kingine.

Munaweza kuuliza yule aliyevuliwa jile yuko wapi. Anauza petroli kwa chupa kando ya barabara. Analipa deni la yule mtu kidogo kidogo kupitia sanduku letu, na hajamaliza. Wale wajane wawili alikwenda kuwaomba radhi. Mmoja alimsamehe, mwingine bado. Maneno haya aliyasoma kabla yenu na akaturuhusu kuyasema. Hatukutaja jina lake, lakini yuko humu ndani, na tunaomba mkutano ukiisha musimpite bila kumsalimia.

Na ninyi vijana mulioanza kazi mwezi huu au mwezi uliopita: leo jioni mutaulizwa nyumbani kazi inaendaje. Jibuni kweli.